Unataka DAC ama Amp ya Hedifoni? Soma Hii Kwanza Usichomwe Kama Mimi

Wacha nianze na aibu yangu ndio ujue hii stori si ya kukopi mahali.

Nilitoka campo mwaka wa pili. Fee ilikataa kabisa, nikaingia kazi za mtandaoni: unapewa rekodi ya watu wakiongea, unasikiza, unaandika neno kwa neno. Kila kazi unapewa alama. Ukikosea sana alama zinashuka, zikishuka sana unatolewa, na ukitolewa landlord hataki kuskia stori.

Shida yangu ilikuwa lapi. Ni hizi za ex-UK. Ukichomeka iafoni tu unaskia "shhhh" nyuma ya kila kitu, ka mvua inanyesha mbali. Msee kwa rekodi akiongea polepole, maneno yanazama kwa hiyo shhhh. Nikawa naandika "fifteen" mahali mtu amesema "fifty". Alama zikaanza kuteremka.

Nikasoma kidogo, nikaona watu wanasifu amplifaya ya hedifoni. Nikachukua thao sita na nusu, pesa ya rent, nikashuka tao, duka fulani nikauziwa amp. Nikafika keja, nikachomeka waya kutoka tundu la iafoni la lapi hadi kwa amp, nikavaa hedifoni, nikawasha.

SHHHHHH. Sasa kwa sauti kubwa.

Nilirudi dukani siku iliyofuata. Nikaonyeshwa risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikaondoka nayo kwa mfuko.

Kama wewe pia unafikiria kutoa doo ndio mangoma zikae fiti, ama uko kwa kazi ya sauti kama mimi, nipe dakika chache. Ningejua hivi vitu mapema, ningekuwa nimelala na amani.

DAC ni nini, amp ni nini?

Ngoma ikiwa kwa simu ama lapi si sauti. Ni namba. Kwa CD ya kawaida, sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde na kila kipimo kikaandikwa kama namba. Lakini hedifoni haijui namba. Inajua umeme unaopanda na kushuka, ndio unasukuma kile kingozi cha ndani kinatingisha hewa.

DAC ndiyo inageuza namba kuwa huo umeme. Amp inachukua huo umeme mdogo inauongezea nguvu ya kusukuma hedifoni.

Ushaenda krusedi ukaona mhubiri wa ng'ambo anahubiri na mkalimani amesimama kando? DAC ni mkalimani. Amp ni zile spika kubwa. Sasa mkalimani akiwa anakohoa kati ya maneno, ukiongeza spika, mtaa mzima utaskia kikohozi.

Hapo ndipo nilichomwa. Kikohozi kilikuwa ndani ya lapi, kwa DAC yake na zile saketi zimefinyana karibu nayo. Mimi nikanunua spika. Nilihitaji mkalimani mpya.

Kitu kingine: kila simu yenye tundu la iafoni na kila lapi tayari ina DAC na amp ndani. Huanzi sufuri. Swali ni kama zile uko nazo zinakuangusha, na zinakuangushia wapi.

Kama unatumia Bluetooth, weka doo mfukoni

Hii itaokoa wengi. Ukivaa zile iafoni ndogo zisizo na waya, simu inatuma namba kupitia Bluetooth. DAC na amp ziko ndani ya hizo iafoni zenyewe, karibu na sikio lako. Ukinunua DAC ya nje ukaichomeka kwa simu, iafoni zako hazitapitia hapo. Ni ka kununua rimu za gari na unatembea na nduthi.

DAC na amp za nje ni za watu wa waya. Full stop.

Jua ugonjwa kabla ununue dawa

Kabla utoke keja, jipime. Kuna vitu vinne vinaweza kukusumbua, na kila kimoja kina dawa yake.

1. Unaskia shhhh, bzzz ama kelele za ajabu. Simamisha ngoma kabisa uskize. Kelele bado iko? Ng'oa chaja ya lapi. Ikinyamaza, chaja ndiyo inaleta. Isiponyamaza, chomeka hizo hizo iafoni kwa simu yenye tundu. Kukiwa kimya, iafoni ziko sawa, shida ni lapi. Dawa ni DAC ya nje inayoingia kwa USB, kwa sababu namba hazishiki hiyo kelele njiani. Zinageuzwa kuwa umeme zikishatoka nje ya lapi. Amp peke yake haitasaidia. Niulize mimi.

2. Umefika volume ya mwisho na bado iko chini. Hapo sasa amp ni stori ya ukweli. Tutapiga hesabu hapo chini.

3. Simu haina tundu la iafoni. iPhone zilitoa tundu kuanzia iPhone 7 mwaka wa 2016, na Samsung wakafuata kwa simu zao za bei, kama Galaxy Note 10 ya 2019. Hapa unahitaji adapta ya USB-C yenye DAC ndani, si mashine kubwa.

4. Sauti inatosha, haina kelele, lakini haina utamu. Buda, hiyo si DAC. Hiyo ni hedifoni yenyewe, ama faili. Kabla utoe hata bob, ingia kwa mipangilio ya app yako ya mangoma uangalie kama umeacha ile ya kuokoa data. Ngoma ikishafinywa ndio itumie bando kidogo, DAC ya laki moja haiwezi kurudisha kilichokatwa. Ukiwa na thao tano na hedifoni zako ni za soo tatu, ongeza kwa hedifoni. Utaskia tofauti siku hiyo hiyo.

Hesabu ya amp: namba mbili tu

Kwa boksi ya hedifoni ama kwa tovuti ya kampuni utapata namba mbili za maana.

Ya kwanza ni ukinzani, inapimwa kwa omu na inaandikwa na alama Ω. Ya pili ni usikivu, yaani ukiipa miliwati 1 ya umeme itatoa desibeli ngapi.

Watu wengi wanaangalia omu peke yake. "Hizi ni omu 250, lazima amp." Pole pole. Tuchukue Beyerdynamic DT 770 Pro, hedifoni za studio ambazo maprodyuza wengi wanazijua. Zinauzwa kwa omu 32, 80 na 250, zikiwa na usikivu wa desibeli 96 kwa miliwati 1.

Sasa chukua adapta ndogo inayotoa volti 1. Nguvu ni volti mara volti, gawa kwa omu. Kwa zile za omu 32 unapata miliwati 31, hiyo ni karibu desibeli 111. Kwa zile za omu 250 unapata miliwati 4, karibu desibeli 102. Adapta ni ile ile, modeli ni ile ile, lakini moja inapiga karibu mara mbili ya nyingine ukiskiza kwa sikio.

Sasa cheki kinyume. Kuna hedifoni za HiFiMAN zinaitwa HE-6. Ni omu 50 tu. Ukiangalia omu utasema simu itaziweza. Lakini usikivu wake ni desibeli 83.5. Kwa hiyo volti 1, unapata kama desibeli 97 kwenye vilele vya juu kabisa vya ngoma. Za omu 250 zimeshinda za omu 50! Ndio maana nakuambia angalia namba zote mbili.

Kanuni ya mtaa: ukipiga hesabu ukafika desibeli 110 kwa vilele, una nguvu ya kutosha na ya kubaki. Si ati utaskiza hapo, ni ile nafasi ya ngoma kupanda bila kupasuka. Iafoni nyingi za kuingia ndani ya sikio zina omu 16 hadi 32 na usikivu wa juu ya 100. Hizo hazihitaji amp. Hata ukizipa amp kubwa, utaishia kuskia kelele ya amp yenyewe na kucheza na volume kati ya moja na mbili.

Kuna namba ya tatu kwa upande wa amp: ukinzani wa kutoka. Inafaa isizidi sehemu moja ya nane ya omu za hedifoni zako. Ukiwa na iafoni za omu 16, tafuta amp ya omu 2 kushuka chini. Ikizidi, besi na sauti za juu zinaweza kubadilika, hasa kwa iafoni zenye spika nyingi ndani.

Namba za kukupagawisha

Utaona boksi imeandikwa "32-bit/768kHz" na kibandiko cha dhahabu. Tulia.

Zile mara 44,100 za CD zinatosha kubeba sauti hadi juu ya kilohezi 22. Sikio la binadamu mchanga linaishia karibu kilohezi 20, na linaendelea kushuka ukizeeka. Biti 16 zinakupa kama desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Chumba chako cha Umoja na majirani wake hakina huo ukimya. DAC yoyote ya siku hizi inafika hapo. Usiongeze hata soo mbili kwa sababu ya 768.

Pia kuna tundu la milimita 4.4, wanaita balansi. Kwa vifaa vidogo linaweza kukupa volti zaidi, na kama hedifoni zako ni nzito kusukuma, sawa. Lakini ukiwa na iafoni za kawaida, utanunua waya mpya juu ya bei ya kifaa, upate nguvu ambayo hukuwa unahitaji.

Kuna msee alithibitisha hii maneno vizuri. Alikuwa injinia anaandika mtandaoni kwa jina la NwAvGuy, hakuna aliyejua sura yake. Alikuwa akichukua amp za bei, anazipima kwa mashine, anaanika matokeo. Watu wa biashara wakamkasirikia. Mwaka wa 2011 akachora amp yake, O2, akaweka mchoro wazi yeyote aiunde. Msimamo wake ulikuwa rahisi: amp ikiwa na nguvu ya kutosha, kelele kidogo, upotoshaji kidogo na ukinzani mdogo wa kutoka, imemaliza kazi, bei ya ziada inanunua boksi. Mwaka wa 2012 akanyamaza ghafla, hajaandika tena. Lakini makampuni yakaendelea kuuza O2, na siku hizi vifaa vya bei rahisi vinashindana kwa vipimo, si kwa stori tamu pekee.

Sasa ununue nini?

Adapta ya USB-C yenye DAC. Kwa wengi wetu safari inaishia hapa. Ile ya Apple ya USB-C inauzwa dola 9 Marekani, kama shilingi 1,200 kabla ya usafiri na ushuru. Ni ndogo ka kidole lakini ndani kuna DAC na amp safi. Ya Marekani inatoa karibu volti 1. Ya Ulaya imepunguzwa hadi karibu nusu. Na ujue kwa simu kadhaa za Android inatoa sauti ya chini, kwa hivyo ijaribu na simu yako kabla ulipe. Kwa lapi inafanya fiti. Ukitaka nguvu kidogo zaidi, kampuni za Uchina kama FiiO, Moondrop na JCALLY zina adapta zao za bei ya kawaida.

Hapa kuna mtego. Zile adapta za soo na hamsini zinauzwa kila mahali, kuna nyingi ambazo ni waya tu. Hazina DAC. Zinategemea simu itoe umeme wa sauti kupitia USB-C, na simu nyingi haziwezi. Kuzijua ni rahisi: beba lapi yako, chomeka adapta kwa USB-C, ingia mipangilio ya sauti. Ikitokea jina jipya kwa orodha ya vifaa, hiyo ina DAC. Kusipotokea kitu, rudisha kwa mwenye duka na umshukuru.

Ukiwa unahitaji maiki ya simu ama geji ya gemu, angalia pini ya iafoni zako. Ikiwa na pete tatu, ina maiki. Uliza kama adapta inashika maiki, kwa sababu si zote.

Mashine ya mezani. Hii ni ya msee mwenye hedifoni nzito: prodyuza, DJ, ama mtu aliyebahatika kupata za omu 250 kwa bei ya kutupa. Zinazosifiwa kutoka FiiO, Topping, Schiit ama JDS Labs nyingi zinazunguka dola 100 kwenda juu. Chukua ile yenye DAC na amp pamoja na inayokula umeme wa USB ukiweza. Stima ikipotea, lapi ina betri na kazi inaendelea.

Kama kuna kasini anakutumia kutoka Marekani, muulize kwanza kuhusu adapta ya ukutani. Huko stima ni volti 120, hapa ni 240. Kuna amp zinakuja na transfoma ya 120 tu. Ukiichomeka hapa na kigeuza pini, utapata moshi badala ya mahewa.

Ukiwa dukani

Ukishuka Luthuli ama popote unapoamini, beba hedifoni zako, simu yako na ngoma moja unayoijua hadi pumzi za msanii. Usikubali kujaribiwa na hedifoni za duka na ngoma ya duka.

Muuzaji akikuonyesha mashine mbili, sawazisha volume. Sikio la binadamu linapenda chenye kinapiga juu kidogo, hata kama ni kile kile. Ukitaka kujua ukweli, mwambie beshte akubadilishie ukiwa umefunga macho. Ukishindwa kutofautisha, nunua ya bei ya chini uende ukakule chapo na salio.

Na kabla ulipe, uliza: "Isiponifaa, naweza kurudisha?" Wakisema ndio, iandikwe kwa risiti.

Jambo la masikio

Hii si ya kukutisha. Tumetoka kupiga hesabu ya desibeli 110. Shirika la Afya Duniani linasema kwa desibeli 80 unaweza kuskiza masaa 40 kwa wiki. Ukipanda 90, unabaki na masaa 4 kwa wiki nzima. Masaa manne ni safari chache tu za Rongai na kurudi ukijaribu kushinda mahewa ya nganya kwa iafoni.

Kwa hivyo kama unaongeza volume kwa sababu ya kelele ya nje, usinunue amp. Nunua mipira ya iafoni inayoziba sikio vizuri. Ni bei ya chini, na sikio likishaenda hakuna fundi wa kurudisha.

Ile amp yangu iliishia wapi?

Kwa ploti yetu kuna fundi wa simu. Siku moja nikamwekea stori yote, akacheka, akafungua droo akanipa adapta ndogo ya USB-C. "Brathe, jaribu hii hadi jioni."

Nikachomeka. Kimya. Nilidhani imekufa, hadi nikacheza rekodi na yule msee akasema "fifty" wazi kabisa. Niliinunua kwake kwa thao moja. Alama zangu zikarudi juu baada ya wiki chache na rent ya mwezi uliofuata ikaingia kwa wakati.

Amp nikaiuza thao tatu kwa jamaa wa mtaa anayetengeneza biti. Hasara ya thao tatu na nusu. Ana zile DT 770 za omu 250, na adapta yake ya kutoa maji ilikuwa inamwacha chini. Siku hizi nikimpata ananiambia nilimuuzia kitu safi sana.

Na ni ukweli. Amp haikuwa mbovu. Nilikuwa nimenunua dawa ya ugonjwa wake.